Kila Mama Aje na Mwenza Wake

Watu wa huku kwetu, juu kidogo ya Soni, wakitaka kunicheka huanza na habari ya kliniki. Wacheke tu. Ila wanaisimulia vibaya. Mimi wananifanya mjinga kuliko nilivyokuwa, na Bi Rehema wanamfanya jini. Leo naisema mwenyewe, na atakayenikatiza akatafute hadithi yake.

Bi Rehema ni mke mwenzangu. Yeye mkubwa, mimi mdogo, na mume wetu ni Mansuri, mchuuzi wa kabichi, mwanaume mwenye maneno matamu na mgongo unaouma kila panapokuwa na kazi. Bi Rehema ana miaka arobaini na kitu, na hicho kitu usimuulize. Ni mfupi, mabega mapana, mzaliwa wa Magamba kule ukingoni mwa msitu. Anaweza kushuka mteremko na tenga la karoti kichwani, mikono miwili inafunga kanga, na mdomo unamgombeza mtu aliyeko ng'ambo ya bonde. Na mtu wa ng'ambo anasikia. Wachuuzi wa Soni hawathubutu kupekua chini ya tenga lake kutafuta karoti mbovu. Yupo mmoja aliyepekua, akalazimishwa kuzila palepale, mbichi, mbele ya watu, na hazikuwa mbovu.

Huyo ndiye niliyekuja kuolewa juu yake. Mimi Husna, mtoto wa Mombo, kule chini kwenye joto, nikapandishwa mlimani na sweta moja tu la shule.

Nianze na nyumba, maana ndiyo chanzo cha yote. Mansuri alipotaka kunijengea alimwambia Bi Rehema anajenga stoo ya viazi. Mama wa watu akafurahi, viazi vyake vilikuwa vinaota ndani ya nyumba. Akachota maji ya kufyatulia matofali. Akabeba mawe ya msingi. Stoo ilipofika kwenye lenta akaona ina madirisha matatu, akauliza, akaambiwa viazi vinataka hewa. Ilipowekwa choo cha ndani hakuuliza tena. Alikaa siku mbili hasemi, na kwa Bi Rehema siku mbili bila kusema ni kama wewe ukae mwezi bila kula.

Nilipofika, hakuninunia kwa kelele. Afadhali angepiga kelele! Kila asubuhi nilipita mbele ya mlango wake nikasema, "Shikamoo, dada." Na yeye, kwa kuwa kutoitikia shikamoo huku ni aibu kubwa, aliitikia, lakini uso ameugeuzia zizini. Kwa miezi tisa marahaba zangu zote alipewa ng'ombe. Nyumba yangu aliiita stoo, na mimi akaniita "yule wa stooni". Kama ana ujumbe wangu alimtuma Mansuri, na Mansuri akausahau njiani.

Katika hali hiyo nikapata mimba.

Sasa naomba nisikilizwe vizuri. Mama yangu mzazi alikufa akijifungua mdogo wangu. Nilikuwa na miaka tisa. Aliingia wodini ametembea kwa miguu yake, akanigeukia akasema nimsubiri pale kwenye benchi. Ndani hakuwa na mtu wake hata mmoja, shangazi aliambiwa abaki nje na mimi. Alikuwa ananiita, nilimsikia, na sikuruhusiwa kuingia. Kwa hiyo mimba yangu ilipoanza kuonekana, kitu kilichonikosesha usingizi hakikuwa uchungu. Ni kuwa mle ndani peke yangu, naita, na watu wangu wako upande wa pili wa mlango. Hilo nililiogopa mpaka nikawa nachambua mchele uleule mara mbili.

Nikaenda kliniki, zahanati ya hapa karibu. Nesi alikuwa Anitha, msichana mpole wa Iringa, mgeni hata mwaka hajamaliza. Alinipima, akanipa kadi na chandarua, halafu akatutangazia sote kutoka mlangoni: "Kliniki ijayo kila mama aje na mwenza wake, mpimwe damu wote wawili. Asiye na mwenza alete barua ya mwenyekiti wa kijiji."

Nilisikia kwa masikio yangu. Aje na mwenza wake.

Jamani, kwetu Mombo mwenza ni nani? Na huku mlimani tangu nimekuja, kila mwanamke bombani ananiuliza nini? "Mwenza wako hajambo? Mwenza wako ameshachimba karoti?" Sikuwa nimewahi kulisikia hilo neno kwa mtu mwingine. Nikarudi nyumbani nawaonea huruma wenzangu walioolewa peke yao. Masikini, nikasema, wao watampata wapi, ndiyo maana wanaandikiwa barua. Na niliona serikali imefikiria. Ukizaa, nani atakupikia uji? Nani atabaki na mwanaume? Si mke mwenzako? Basi apimwe na yeye tujue ana nguvu.

Lakini huyo mwenza wangu sasa! Wiki tatu nilizunguka na hilo neno mdomoni. Siku moja kabla ya kliniki nikajikaza, nikaenda. Alikuwa anaosha karoti kwenye beseni.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akamwambia ng'ombe.

"Dada, kesho kliniki wamesema niende na wewe."

Mkono ukasimama kwenye maji. "Na nani?"

"Na mwenza. Nesi kasema kila mama aje na mwenza wake. Bila hivyo hawanipimi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa tusi. Nilisimama upande ule wenye njia ya kukimbilia. Akaosha karoti ya kwanza, ya pili, ya tatu, nazo zilikuwa safi tayari. Halafu akaniangalia, mara ya kwanza usoni, akauliza, "Saa ngapi?"

Kesho yake saa mbili tuko kwenye benchi. Alivaa kanga mpya na kiatu cha Idi. Nesi Anitha akatoka: "Waliokuja na wenza wao wapite mbele!" Bi Rehema akanyanyuka kwanza kabla yangu. Waliopita mbele nao walikuwa wake na waume zao. Hata hapo sikushtuka, nikadhani wanaume wamewasindikiza. Nyuma yetu alisimama Danieli wa bajaji na mkewe Shukrani, Danieli mikono mfukoni, anatazama darini asije akaona picha za kunyonyesha zilizobandikwa ukutani.

"Shikamoo mama," Nesi akamwambia Bi Rehema. "Umemsindikiza binti yako?"

"Marahaba. Binti yangu kwa lipi? Mimi ni mwenza wake."

Nesi akaweka kalamu chini. "Mwenza wake?"

"Uliagiza mwenza, nimekuja. Nimeacha karoti ardhini, umande umenifika magotini. Nipime niende."

"Mama yangu, mwenza ni mume."

"Mume ni mume," Bi Rehema akasema, na sasa aliitoa ile sauti ya bondeni. "Mwenza ni mwenza. Kama ulimtaka mume si ungesema mume? Neno lenyewe fupi!"

Weee! Zahanati nzima ikagawanyika. Wenyeji wakasema Bi Rehema ana haki, mwenza ni mke mwenza, hilo halina mjadala. Walimu na wake za maofisa waliokuja kutoka mbali wakasema neno ni la wote wawili, mume na mke. Danieli naye akafungua mdomo: "Hata mimi mke wangu aliponiambia nakuja kama mwenza nilikosa raha. Nilidhani kuna mwanaume mwenzangu sijaambiwa." Shukrani akampiga kibao cha bega. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Nesi Anitha alicheka mpaka akafuta machozi kwa pamba ya sindano, akaomba radhi, akacheka tena.

Bi Rehema hakucheka. Alimsubiri amalize, akauliza, "Kwa hiyo unamtaka Mansuri?"

"Ndiyo, mama."

"Nisubirini."

Akaondoka. Hata saa nzima haikupita, tukamsikia kabla hatujamwona. Mansuri alikuwa mbele, yeye nyuma, kama mtu anayeswaga mbuzi. Mansuri analalamika mgongo. "Mgongo?" Bi Rehema akasema, na watu wote wakasikia. "Siku ya kuoa mara ya pili ulikuuma? Kaa hapo. Toa kidole." Mume wetu, mgosi mzima, akatoa kidole, akafumba macho, akatobolewa, akalalamika kuliko mama mjamzito yeyote aliyekuwepo. Tukapimwa wote watatu, maana Bi Rehema alisema hakuvaa kiatu cha Idi bure.

Tulipomaliza Nesi akanivuta pembeni, sasa bila kicheko. Akaniambia siku ya kujifungua wanaruhusu mtu mmoja aingie na mimi, akae mwanzo mpaka mwisho. Awe mwanamke, kwa kuwa kuna vitanda viwili na pazia tu. "Mtu unayemtaka wewe mwenyewe, Husna. Anayekupa nguvu. Unaye?"

Nilimtazama Bi Rehema pale mlangoni, anamsimanga Mansuri kwa Kishambaa. Nikasema nitafikiri.

Nilimtaka yeye. Sijui hata kwa nini, mtu ambaye hakuwahi kunipa kiti! Lakini mtu aliyeweza kumleta Mansuri zahanati kwa miguu, niliona hata kifo akikikuta mlangoni angekiambia kisubiri foleni.

Toka siku hiyo akaanza kuja stooni kwangu. Haketi. Anasimama mlangoni na bakuli la mboga ya mnafu au kipande cha maini. "Umekunywa vidonge vya damu?"

"Nimekunywa, dada."

"Toa ulimi."

Nikatoa ulimi. Akaukagua, akaondoka. Alinikataza ndoo, alinikataza kushuka bonde la mto, alinikataza kulia mbele ya moto kwamba moshi utamuumiza mtoto. Nikadhani basi tumeshakuwa ndugu. Mimba ilipofika miezi minane nikamuuliza waziwazi: "Dada, siku ikifika utaingia na mimi?"

Akakunja uso. "Mimi na wewe hatujamaliza," akasema.

"Hatujamaliza nini?"

"Unajua." Akachukua bakuli lake akaenda.

Nililia siku hiyo, tena mbele ya moto. Nikampigia baba simu Mombo kuuliza kama kuna shangazi anayeweza kupanda. Shangazi miguu imevimba. Dada yake Mansuri ana mtoto mchanga. Nesi kila kliniki ananiuliza kama nimempata mtu, nami kila mara nasema bado, na tumbo halisubiri.

Uchungu ulinishika asubuhi ya Alhamisi, Mansuri ameshuka Mombo na kabichi. Niliugulia kidogo tu, nikauma kanga. Mlango ukafunguliwa. Bi Rehema alikuwa na mfuko begani, beseni mkononi, chupa ya chai kwapani. Mfuko ule haukufungwa asubuhi hiyo. Ulikuwa na kanga sita zilizofuliwa na kunyooshwa, mafuta, wembe mpya, na maandazi kwenye kopo.

"Inuka. Danieli yuko barabarani."

Bajaji ya Danieli kwenye tambarare ni gari. Kwenye mlima wetu, baada ya mvua, ni baiskeli ya mtoto. Ilifika kati ikasimama, ikaanza kurudi nyuma na mimi ndani naita jina la mama yangu. Bi Rehema akaruka nje, akavua viatu, akaweka bega. "Kanyaga mafuta, Danieli! Kanyaga, unaogopa nini, bajaji si yako?" Akatusukuma mpaka juu, matope mpaka kwenye nyusi. Alipopanda tena hata sikumshukuru. Nilikuwa nauwaza ule mlango.

Tukafika. Nesi Anitha akanipokea, akanipima, akasema njia imeanza kufunguka. Kisha akauliza swali lake. "Nani anaingia?"

Nilimwangalia Bi Rehema tu, na nadhani nilikuwa na miaka tisa.

Alikuwa ananawa matope bombani. Akajifuta uso kwa upindo wa kanga, polepole. "Nilimwambia mimi na yeye hatujamaliza," akamwambia Nesi. Akashika mkono wangu, akasukuma mlango kwa kiuno. "Tutamalizia humu."

Na kweli tulimalizia. Alinitembeza kutoka ukuta mpaka ukuta, ananikanda kiuno kwa viganja vyake vigumu, ananinywesha chai kijiko kwa kijiko, na katikati ya hayo yote ananigombeza. Uchungu ukija ananyamaza, anapumua na mimi. Ukipungua anaendelea alipoishia.

"Miezi mingapi umelala ndani ya jasho langu? Mawe ya msingi ule nimebeba mimi! Ulijua kwamba niliambiwa ni stoo ya viazi?"

"Sikujua!" nikapiga kelele. "Mimi niliambiwa umekubali! Niliambiwa mpaka rangi ya madirisha umechagua wewe!"

"Nilichagua ndiyo! Niliichagulia viazi!"

Mama wa upande wa pili wa pazia, naye ana uchungu wake, akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Nesi akatoa kichwa kusema tupunguze sauti, akanipima, akabadili mawazo. "Endeleeni," akasema. "Inafunguka vizuri."

Bi Rehema alikuwa amenitolea macho. "Alikuambia nimekubali?"

"Alisema wewe ndiye uliyemwambia aoe, upate msaidizi."

"Mimi? Msaidizi? Mimi?" Nikaona hasira inahama, inatoka usoni kwangu inaelekea barabara ya Mombo. Alianza kumchambua Mansuri kwa Kiswahili, kikamwishia, akahamia Kishambaa, akamjumlisha na babu yake. Mimi nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na yangu ya miezi kumi na nne, nikayatoa. Mgongo wake tuliusema. Maneno yake matamu tuliyasema. Hakuna siku nimesema ukweli mwingi kama ile.

Ilipofika saa ya kusukuma sikuweza tena kusema. Niliogopa ghafla, nikaona giza, nikamwita mama. Nikamwita kweli, kwa sauti ile aliyoniitia yeye nikiwa kwenye benchi. Na jibu likaja palepale sikioni kwangu, "Niko hapa. Niko hapa, Husna. Sitoki." Mkono wangu alikuwa ameushika kwa mikono yake miwili. Nilimbana mpaka pete yake ikamchana kidole, hakuutoa. Saa kumi alasiri akazaliwa binti, mzito, mwenye hasira, na akalia kabla hata hajaguswa.

Baadaye nilikuwa nimelala, mtoto kifuani. Bi Rehema ameketi ukingoni mwa kitanda anakula maandazi niliyoletewa mimi, kidole chake kimefungwa bandeji. Matope yalikuwa yamemkaukia shingoni. Nikamuuliza jambo lililonikaa siku nyingi. "Dada, siku ile ya kwanza, kwenye karoti. Ulikuwa hunipendi hata kunitazama. Kwa nini ulikubali kuja?"

Akatafuna kwanza. Akatazama dirishani.

"Wanangu wanne wote nimewazaa peke yangu," akasema, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Wa kwanza mama mkwe alikaa nje ya mlango, akasema nikipiga kelele namwaibisha. Wa tatu nilimzaa kwenye viazi, nikamfunga kanga, nikarudi nyumbani na jembe begani. Wa mwisho nilikuwa hospitali, wamejaa watu, na hakuna hata mmoja aliyejua jina langu. Nikazoea, nikadhani ndivyo watu wanavyozaa. Halafu unakuja wewe unaniambia eti serikali inataka mtu asiende peke yake." Akajifuta pua kwa kanga, akakasirika kwamba nimeona. "Nikataka kuona. Sijawahi kuona mtu anazaa ameshikwa mkono."

Machozi yakanitoka, yakamdondokea mtoto kichwani.

"Lete mkono, dada," nikasema.

"Una mafuta ya maandazi."

"Lete hivyohivyo."